Eti "kwangu inafanya kazi"! Huyu bwana amenivuruga

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Yule bwana mnamjua. Aliyeifungasha ile maktaba ya lugha ya C ili tuiite kutoka lugha ya Python, ambayo nusu ya humu mmeipakua. Leo kanijibu. Maneno matatu: "Kwangu inafanya kazi." Halafu akaifunga ripoti yangu. KAIFUNGA!

Programu yangu inakufa. Hairushi kosa la Python ukalidaka, inakata roho tu na kuacha "Segmentation fault" kwenye skrini. Nimefukua mpaka nikamkuta mchawi: fanksheni yake inarudisha pointa, yaani anwani ya mahali kitu kilipo kwenye kumbukumbu, na yeye restype (aina ya jibu) hakuandika. Ukiinyamazia ctypes, moduli ya Python ya kuita C, inachukulia jibu ni int ya C, namba nzima ya biti 32. Pointa za mashine za leo ni biti 64! Anwani inanyofolewa nusu, kipande kilichobaki kinarudishwa kwa C, nayo C haiulizi, inakwenda huko huko. Anwani ikiwa ndogo inapita, ndiyo maana KWAKE inafanya kazi. Ikiwa kubwa, msiba.

Yote haya nilimweleza. Nikampa na dawa: restype iwe c_void_p (pointa), na argtypes (aina za vinavyopelekwa) vilevile, maana bila hiyo namba inakatwa tena wakati wa kurudi. Mistari miwili! Hata kuinakili isingemtoa jasho. Ctypes imo ndani ya Python tangu toleo la 2.5, mwaka 2006, na nyaraka zake zinasema wazi kwamba isipoambiwa, inadhani int. Mtu mzima anasoma hayo yote, anavuta pumzi, anaandika "kwangu inafanya kazi". Kwako! Sisi wengine tunaishi wapi, mwezini?

biti_ya_mwisho: Pole mkuu, ila umeandika gazeti. Hamia cffi, maktaba nyingine ya Python ya kuita C. Unabandika tamko la C lenyewe, aina za data inazisoma humo.

pointa_tupu: Mleta uzi, badala ya kulia humu si ungetuma marekebisho?

Mleta uzi: Nimekwambia nilimpa mistari miwili na AKAFUNGA. Soma kwanza ndugu yangu.

pointa_tupu: Nimesoma hadi mwezini nikachoka.

kolbaki_yatima: Nyie mnalilia pointa? Mimi nimeipa C kolbaki ya Python, yaani fanksheni ambayo C itaiita yenyewe. Python ikaona hakuna anayeishikilia, ikaifagia. C inakuja kuiita baadaye, mwenyewe hayupo. Inalipuka mbali kabisa na kosa lilipo, nawe unakesha unakagua sehemu isiyo na hatia.

Mleta uzi: Huyo wangu kolbaki zake ziko hivyo hivyo! Nikiripoti atasema kwake zinafanya kazi.

nusu_koloni: Shukuruni ni C. Ingekuwa C++ majina ya fanksheni yanasokotwa na kompaila, unatafuta jina uliloandika mwenyewe hulioni, mpaka aliyeiandika akumbuke extern "C", tamko la kuzuia kusokotwa huko. Na hakumbuki.

biti_ya_mwisho: Na long, ile aina ya namba nzima ya C, je? Windows ya biti 64 long ni biti 32, Linux ya biti 64 ni 64. Mtu anajaribu kwenye mashine yake moja, anatangaza imekamilika.

mzee_wa_jvm: Vijana tulieni. Sisi wa Java tumepewa JNI, njia ya kuita C, 1997, unaandika C ya kuifungasha C nyingine, fanksheni ina jina refu kama treni. Njia ya kuita C bila kuandika C tumekamilishiwa Java 22, mwaka 2024. Hesabuni wenyewe.

nusu_koloni: Mzee, Java hakuna aliyeiuliza.

matriksi: Kuna anayeita maktaba za lugha ya Fortran humu? Fortran inapanga matriksi (jedwali la namba) safu wima kwa safu wima, C mstari kwa mstari. Hailipuki, inakupa majibu yaliyogeuzwa na unayaamini. Bora hiyo segfault ya mleta uzi, angalau inakuambia.

Mleta uzi: Bora?! Jamani, ALIIFUNGA RIPOTI.

matriksi: Na bado Fortran inahesabu vipengele kuanzia 1, siyo 0 kama C.

kolbaki_yatima: Kuanzia 1 ni kichaa.

mzee_wa_jvm: Wewe vidole vyako unaanza na sifuri?

nusu_koloni: Sifuri ni umbali kutoka mwanzo wa safu, mzee, siyo idadi.

matriksi: Umbali wa nini? Mimi nataka kipengele cha kwanza, kiitwe cha kwanza!