Vichujio vya mkaa kwenye mashine ya usingizi

Swali
Ndugu zangu wa usingizi, habari za kazi. Wiki ijayo tumepangiwa kijana wa kilo 48 aliyevunjika taya. Baba yake mdogo alifia mezani miaka mingi iliyopita, misuli imekakamaa na joto limepanda ghafla, hivyo tunahofia haipathemia maligna, hali ya kurithi ambayo huamshwa na baadhi ya dawa za usingizi. Mashine yetu ni moja tu na kila siku hupitisha isoflureni, dawa ya usingizi ya kuvuta inayoweza kuiamsha hali hiyo. Kufunga vaporaiza (kifaa kinachogeuza dawa kuwa mvuke) pekee hakuniridhishi, kwa sababu dawa hubaki imejificha kwenye mipira ya kupitisha hewa na kwenye chokaa inayonyonya kaboni dayoksaidi. Nimeletewa jozi ya vichujio vya mkaa ulioamilishwa. Je, naweza kuvitegemea?

Jibu
Dada, vitegemee, ila kwa utaratibu wake. Ng'oa vaporaiza, badilisha mipira, mfuko na chokaa, kisha pitisha oksijeni lita 10 au zaidi kwa dakika kwa sekunde 90 kabla ya kuvifunga, kimoja kwenye tundu la hewa inayokwenda kwa mgonjwa na kingine kwenye tundu la hewa inayorudi. Mvuke hunata kwenye vitundu vidogo mno vya mkaa, na kiwango chake hushuka chini ya sehemu 5 kwa milioni, jambo ambalo baadhi ya mashine za kisasa, zikisafishwa kwa oksijeni peke yake, hulifikia baada ya zaidi ya saa nzima. Baada ya hapo usishushe mtiririko chini ya lita 3, navyo vitakufaa hadi saa 12. Tatizo likitokea katikati ya upasuaji, rudi lita 10 na uandae jozi nyingine, kwani ile ya kwanza huenda ikahitaji kubadilishwa baada ya saa moja.

Jibu
Naongeza jambo linalonisumbua sana: suksamethoniamu, dawa ya kulegeza misuli ambayo nayo huamsha hali hii, hupita kwenye dripu, na mkaa hauwezi kuizuia, kwa hiyo iondoeni kabisa kwenye trei. Angalieni kaboni dayoksaidi anayotoa mgonjwa, maana mara nyingi hupanda kabla ya joto. Je, dantrolini, dawa ya kutibu hali hii, mnayo? Kwa miligramu 2.5 kwa kilo, kijana huyo anahitaji miligramu 120 kwa kuanzia, yaani chupa 6 za miligramu 20, na kila moja huchanganywa na mililita 60 za maji safi ya sindano na kutikiswa hadi iwe angavu.

Muuliza swali
Ahsanteni sana. Dantrolini hatuna hata chupa moja. Nimezungumza na daktari wa upasuaji, na tumekubaliana kijana apelekwe hospitali ya rufaa iliyo nayo. Vichujio nimeviweka kwenye kabati la dharura, pamoja na karatasi ya maelekezo yenu.