Kura za makocha kuchagua nyota wa besiboli sekondari: zianikwe au zibaki siri?

Mzee wa Alama (Houston)

Wakuu, habari za siku. Niko pembezoni mwa Houston, Texas, mwaka wa 11 huu. Mwanangu anamaliza sekondari na anacheza besiboli. Msicheke. Mimi mwenyewe nilicheka mpaka siku nilipojikuta kwenye mabenchi ya bati katika baridi ya Februari, simu mkononi, naingiza kila mpira unaorushwa, kwa sababu kocha alitafuta mzazi wa kuandika alama na wengine wote wakaangalia pembeni.

Mada yangu ni hii. Msimu ukiisha, kila wilaya hutoa orodha ya nyota wake. (Wilaya hapa si ya mkuu wa wilaya. Ni kundi la shule saba nane hivi zinazocheza ligi pamoja.) Kuna mchezaji bora, mrushaji bora, chipukizi bora, kisha kikosi cha kwanza, kikosi cha pili, na mwisho wale wa "kutajwa kwa heshima", ambao kwa lugha yetu ni wa asanteni kwa kuja. Wanaochagua ni makocha wenyewe wa wilaya hiyo. Wanakaa, kila mmoja anamwaga majina na takwimu za vijana wake, anawanadi kama marobota ya mitumba, halafu wanapiga kura. Sheria iliyozoeleka ni kwamba kocha hampigii wa kwake. Baada ya siku chache orodha iko mtandaoni. Nani kampa nani kura, hiyo haitoki.

Mwanangu yuko kikosi cha kwanza. Ni shotistopu, yule mlinzi anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu (besi ni vile vituo ambavyo mpigaji hukimbilia akishapiga mpira). Na ndiyo maana naandika, kwa sababu kuna kijana wa shule iliyoshika mkia, nafasi hiyohiyo, ambaye kwa macho yangu anamzidi mwanangu kwa mbali. Tumecheza nao mara mbili. Mechi ya pili alijitupa akaudaka mpira kifudifudi, akaurusha akiwa bado amepiga goti, na mkimbiaji wetu akatolewa ikiwa imebaki hatua nzima kufika besi. Kocha wetu alivua kofia. Sasa mtafute yule kijana kwenye orodha. Kutajwa kwa heshima.

Sisemi makocha wasichague. Nasema kura zichapishwe, jina la kocha na majina aliyoyapa. Basi. Mnasemaje?

Nesi wa Dallas

Hongera kwa kijana, na hongera kwa moyo huo, maana mzazi mwingine angefunga mdomo akaagiza keki. Ila unapaka dawa juu ya kidonda kilichooza ndani. Ukianika kura utapata makocha wanaolipana fadhila mchana badala ya usiku. Mimi nasema kura zife kabisa. Takwimu zipo, zimo kwenye simu yako hiyohiyo. Panga majina kutoka juu kwenda chini, chukua unaowahitaji, kwisha. Binti yangu anakimbia mita 400. Saa haiulizi baba yako ni nani.

Mzee wa Alama (Houston)

Dada, saa haina mjomba, ni kweli. Besiboli inaye, na mjomba mwenyewe ni mimi.

Mpira ukipigwa chini na mlinzi akaukosa, lazima mtu aamue: ni hiti, yaani pigo halali la mpigaji, au ni kosa la mlinzi? Ikiwa hiti, wastani wa mpigaji unapanda. Ikiwa kosa, mpigaji anahesabiwa kana kwamba ameshindwa hata kama amefika besi salama, na mlinzi naye anachafuka. Ligi kuu ya Marekani inamlipa mtu kwa kazi hiyo. Huku sekondari mtu huyo ni mimi, na mkono mmoja nimeshika soda.

Mwezi wa tatu mwanangu alipiga mpira laini, ukapita katikati ya miguu ya mlinzi wa besi ya tatu. Kosa, hata kipofu angesikia. Mama yake alikuwa amekaa kushoto kwangu. Nikabonyeza hiti.

Sasa njoo kwenye hesabu. Shule 8, kila moja inakutana na nyingine mara mbili, ni mechi 14. Zamu tatu za kupiga kila mechi, ni 42. Hiti 15 kwa zamu 42 ni .357, huyo nyota. Ondoa tatu tu, 12 kwa 42, ni .286, na huyo hakuna atakayemwuliza jina. Kati ya kikosi cha kwanza na patupu panaweza kuwa na kidole cha baba kilichobonyeza mara tatu. Na mwandishi wa ile shule ya mkiani ni mzee mmoja mkali kama pilipili mbuzi. Vijana wake akiwaandikia kosa, ni kosa.

Mdau wa Kansas City

Nesi, takwimu zako zingemwona vipi Albert Pujols? Huyu alikuja kutoka Jamhuri ya Dominika akiwa kijana, akasoma Fort Osage huku kwetu Independence, Missouri. Mwaka wake wa mwisho makocha wa shule pinzani walimshuku umri. Wakaona dawa yake ni kumnyima mpira wa kupiga. Alipewa besi ya bure mara 55, yaani mrushaji anarusha pembeni na mpigaji anatembea tu hadi besi ya kwanza. Alibakiwa na zamu 33 zinazohesabika, na katika hizo 33 akapiga homu rani 8, yaani mipira iliyovuka uzio wa uwanja.

Na hebu fikiria, makocha wa namna hiyo ndio wanaoingia chumbani kuchagua nyota. Lakini niseme haki ya Mungu, jina lake lilitoka katika nyota wa jimbo zima, mara mbili. Kwa hiyo msiseme kocha mpinzani hana macho. Waliokuwa na macho mabaya ni wale wa kulipwa: mwaka 1999, timu za ligi kuu zilipochagua vijana wapya kwa zamu, timu ya Cardinals ilimchukua raundi ya 13, akiwa mtu wa 402. Amestaafu na homu rani 703. Sijui hii inamsaidia nani katika mjadala, naiweka tu mezani.

Mwalimu wa Michezo (Tabora)

Naomba niseme kama mtu wa upande wa pili wa meza. Besiboli siijui, lakini UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania, naijua. Tunapanda ngazi kutoka shule hadi wilaya, mkoa, taifa, na kila ngazi lazima watoto wachujwe iundwe timu moja. Walimu tunakaa darasani usiku, madaftari mezani, kila mtu anatetea wa kwake. Na sisi hatuna hizo takwimu zenu, tuna macho, kumbukumbu, na nani kaongea kwa sauti kubwa. Nimeona mtoto hodari akirudishwa nyumbani kwa sababu mwalimu wake alikuwa mgeni na mpole.

Hata hivyo kura ya wazi, mzee wangu, hapana. Siku nikimnyima mtoto wa shule jirani na jina langu likabandikwa, wiki inayofuata nitamwomba nani mechi ya kirafiki? Nani ataniazima nyavu? Na mzazi wa siku hizi ana namba yako. Mwisho wa yote kila mwalimu atampigia mtoto wa mwenye makelele, ili alale usingizi. Siri inamlinda mwongo, sawa, lakini inamlinda na mkweli.

Huku kwetu kero kubwa zaidi ni mamluki, watoto wanaoletwa kucheza na shule si yao. Hilo nalo kila mtu analijua na hakuna anayelisema. Sasa hapo siri inamlinda nani? Naona nimejipinga mwenyewe. Ngoja nikaongeze chai.

Kijana wa Mji

Mnajisumbua. Wekeni majina mtandaoni, watu wapige kura. Timu ni ya wananchi.

Mdau wa Kansas City

Mdogo wangu, walishajaribu wakubwa wako. Mwaka 1957 mashabiki ndio waliochagua timu ya nyota wa ligi kuu. Mji wa Cincinnati ukajaza karatasi za kura kama hawana kazi nyingine. Upande wa National League (ligi kuu ina pande mbili, huu na American League), katika nafasi 8 za kuanza (warushaji hawakupigiwa kura na mashabiki), 7 zikawa za Cincinnati. Kamishna Ford Frick akawatoa wawili kwa mkono wake, Gus Bell na Wally Post, akawaingiza Hank Aaron na Willie Mays. Yaani wananchi walikuwa wamemwacha nje Willie Mays, mmoja wa wachezaji bora wa historia! Mashabiki wakanyang'anywa kura mpaka 1970. Na hiyo ilikuwa kura ya karatasi. Leo nyota atatoka shule yenye kundi kubwa la WhatsApp.

Kijana wa Mji

Basi yaishe.

Refa Mstaafu (San Antonio)

Nimechezesha mchezo huu miaka mingi, na ninawashangaa mnavyogombania karatasi. Kocha wa chuo akija uwanjani anakuja na bunduki ya rada apime kasi ya mrushaji, na saa apime mbio za yadi 60. Orodha ya wilaya hata haifungui. Na fungu lenyewe la besiboli ni dogo kuliko mnavyofikiri: kwa miaka mingi chuo cha daraja la kwanza la NCAA, chama cha michezo ya vyuo Marekani, kiliruhusiwa ufadhili wa masomo 11.7 kwa timu nzima, wakagawana watu hadi 27. Wengi walipata vipande.

Halafu mnasema makocha wa sekondari wanachagua kwa jina. Wakubwa je? Gold Glove ni tuzo ya mlinzi bora, na mwaka 1999 ilikuwa kura tupu ya mameneja na makocha wa ligi kuu, nao hawaruhusiwi kumpigia wa timu yao. Ya besi ya kwanza upande wa American League ikaenda kwa Rafael Palmeiro wa Texas Rangers hapahapa, ambaye alikuwa amesimama kwenye besi hiyo mechi 28 msimu mzima. Siku nyingine zote alikuwa anapiga tu, halindi chochote. Hao ni watu wanaolipwa. Wewe unamlaumu kocha ambaye asubuhi alikuwa anafundisha jiografia? Ilibidi kuanzia 2013 waweke takwimu zichukue kama robo ya matokeo.

Nesi wa Dallas

Robo! Nipeni hata hiyo robo, nitashukuru.

Ila Refa, hilo la "karatasi" linaniudhi kidogo. Unawazungumzia wale wachache watakaocheza chuo. Wengi mchezo wao unaisha siku ya mechi ya mwisho, wakiwa na miaka 18. Fomu ya kuomba chuo ina mahali pa kuandika tuzo na heshima, na mtoto aliyeamka saa kumi na moja alfajiri miaka minne anataka kuwa na neno la kuweka pale. Na lile jaketi la shule lenye viraka, umeliona linavyovaliwa hata kukiwa na joto la kuchemsha mayai. Kwa mtoto wa wageni kama sisi, kile kiraka kina maneno mengi.

Mzee wa Alama (Houston)

Nimerudi, na nimerudi na habari. Jana nilimkuta kocha wetu anakunja turubai la uwanja, nikamsaidia upande mmoja, nikamwuliza moja kwa moja habari za yule kijana. Akanijibu bila kificho. Kabla ya kura yoyote makocha hugawana nafasi kwa kufuata msimamo wa ligi. Bingwa anapata nyingi, anayefuata pungufu, na wa mwisho anapata moja tu katika vikosi viwili. Ile moja ya shule ya mkiani ilikwenda kwa mrushaji wao.

Kwa hiyo hakuna aliyemchukia yule kijana. Kura yake haikupigwa kabisa! Alikuwa ameshatoka kabla watu hawajakaa. Na kocha haoni tatizo. Anasema bila hivyo timu mbovu zingekusanya sifa huku bingwa analalamika. Hilo nalo lina mantiki yake, siwezi kulikataa: mtu akipiga vizuri katika timu inayofungwa kila siku, warushaji wa akiba ndio anaokutana nao mwishoni.

Mwalimu wa Tabora, nakukubali, naondoa hoja ya kuanika majina ya makocha. Sikufikiria nyavu. Sasa naomba kitu kidogo zaidi. Kanuni ya mgao itangazwe Januari, kabla mpira wa kwanza haujarushwa, mzazi na mtoto wa shule ndogo wajue kwamba huko mkiani kuna kiti kimoja. Na jina la orodha libadilike, maana wanaiita ya wachezaji bora wa wilaya. Hiyo ni orodha ya timu bora, na wachezaji wao.

Mwalimu wa Michezo (Tabora)

Hapo tuko pamoja. Huku nasi tuna migao ya namna hiyo, ila haijaandikwa popote, iko vichwani mwa wazee watatu.

Nesi wa Dallas

Sawa. Na ile hiti ya mwezi wa tatu, Mzee? Bado ipo?

Mzee wa Alama (Houston)

Ipo. Programu inaruhusu kurekebisha mechi iliyopita. Nimeifungua mara mbili, nikaifunga.

Mdau wa Kansas City

Rekebisha tu, kaka, ulale. Moja haimtoi kikosini. 14 kwa 42 ni .333, bado ni mtu.

Mzee wa Alama (Houston)

Haikuwa moja.