Windows 10 imefika mwisho: nipande 11, nibaki, au nihamie Linux Mint?

MamaKaratasi (Arua)
Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Nina duka la kuchapa na kudurufu karibu na shule ya sekondari hapa Arua. Kompyuta ni tatu, zote Windows 10. Tangu 14 Oktoba 2025 Microsoft haitoi tena masasisho ya usalama ya bure kama zamani, na mimi napokea flashi za wanafunzi na walimu kutwa nzima. Mtihani wa mwalimu ukiharibikia kwangu, au ukivuja, jina la duka limekwisha.

Mashine ni hizi: ThinkPad T480 (i5-8250U, RAM GB 8, SSD, yaani diski ya kasi isiyozunguka), EliteBook 840 G3 (i5-6300U, RAM GB 8, SSD), na ya mezani OptiPlex 3020 (i5-4590, RAM GB 4, diski ya zamani ile ya kuzunguka). Kijana mmoja ameniambia anaweza kuzipiga (kuziwekea) zote Windows 11 kwa siku moja. Nimwachie?

FundiMbale
Mama, usimwachie bado. Soma namba ya prosesa kwanza. Tarakimu inayofuata baada ya kistari ndiyo kizazi: 8250U ni cha nane, 6300U cha sita, 4590 cha nne. Kwa Intel, Windows 11 inaanzia kizazi cha nane, na inataka pia TPM 2.0, kijisehemu cha usalama ndani ya mashine. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, dirisha litakuonyesha toleo ulilonalo.

Kwa hiyo T480 inapita, na kupanda ni bure kupitia Windows Update. Nakili kazi zako kwenye diski ya nje, chomeka chaja, hakikisha betri imejaa, anza jioni ukishafunga duka. Faili ni GB kadhaa, kwa hiyo tafuta bando la kutosha. Usipoipenda, una siku 10 za kurudi Windows 10 kupitia Settings, sehemu ya Recovery. Zikipita hizo, kurudi ni kupiga upya kabisa.

KijanaWaKisenyi
Hizo nyingine mbili nazo zinaingia. Rufus, programu ya bure, inatengeneza flashi inayoruka ukaguzi wa TPM na prosesa. Nimewapigia wateja wengi EliteBook za kizazi cha sita na wanafanya kazi vizuri.

FundiMbale
Kuingia zinaingia, kaka, sibishi. Ila Microsoft yenyewe inasema mashine isiyotimiza masharti haina uhakika wa kupata masasisho. Toleo jipya la kila mwaka haliji lenyewe, inabidi mtu alilazimishe tena kwa flashi. Wewe uko Kisenyi, mteja wako anarudi kwa miguu. Mama yuko Arua. Mwakani atamwita nani? Na ile ya mezani yenye GB 4 na diski ya kuzunguka, hata ukiiingizia 11, atabonyeza Word kisha aende kunywa chai.

MwalimuKasese
Naomba niseme juu ya Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, kwa sababu maabara yetu ya shule inaitumia na mimi ndiye ninayeitunza. Mama, kinachokusumbua ni flashi za wateja. Virusi vingi vinavyotembea kwenye flashi hapa kwetu, vile vinavyoficha mafolda na kuacha njia za mkato, vimeandikwa kwa ajili ya Windows. Kwenye Mint faili la .exe (la programu ya Windows) ukilibonyeza halijiendeshi. Unaliona tu limekaa hapo, unalifuta, folda zilizofichwa unazirudisha, mwanafunzi anapata kazi yake.

Mint 22 inapata masasisho hadi 2029. RAM ya GB 4 inaitosha. Tena unaweza kuijaribu bila kufuta chochote: iweke kwenye flashi, washa kompyuta kupitia flashi hiyo, uone kama printa na intaneti vinaitika. Ukiizima, Windows yako iko palepale.

Sasa ugumu wake, sitaki kukuficha. LibreOffice, programu ya ofisi inayokuja na Mint, inafungua faili za Word, lakini mpangilio husogea. Mtihani wa fizikia wenye milinganyo na majedwali unaweza kufungukia kurasa tano badala ya nne. Nilishachapa nakala mia na ishirini kabla ya kugundua kwamba swali la mwisho limekatika mchoro wake. Siku hizi mwalimu akileta Word, namwomba alete na PDF. Na kama unatengeneza kadi za harusi kwa CorelDRAW au Photoshop, hizo hazipo kwenye Mint.

DadaWaBusia
Nami naongeza moja, maana liliniumiza. Mwaka jana fundi aliipiga Windows 11 upya kwenye laptopu ya ofisi yetu, akafungua akaunti ya Microsoft kwa barua pepe yake mwenyewe. Windows 11 ya sasa ikipigwa upya kwa akaunti, hufunga diski yenyewe kwa usimbaji, isisomeke bila ufunguo, na ufunguo wa kuokoa unahifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Baada ya miezi mitatu mashine ikadai ufunguo wenye tarakimu 48. Fundi alishahama, simu haipatikani. Kumbukumbu za mizigo za mwaka mzima zilikuwa mle. Hatukuzipata.

Mama, akaunti iwe ya barua pepe yako, ukiwa umekaa pale pale anapoifungua. Ufunguo uandike kwenye karatasi, uweke pamoja na leseni ya biashara.

MamaKaratasi (Arua)
Pole sana dada, hilo nimelisikia. T480 naona haina ubishi. Hiyo EliteBook je? Ndiyo tunayotumia kwa CorelDRAW.

FundiMbale
Ibaki Windows 10 kwanza, uiandikishe kwenye ESU, masasisho ya ziada ya usalama hadi 13 Oktoba 2026. Inataka toleo la mwisho la Windows 10, 22H2, na akaunti ya Microsoft. Ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti, hulipi. Njia ya kulipa ni dola 30, kama shilingi laki moja za Uganda, na leseni moja inafika hadi mashine 10. Fungua Windows Update, kiungo cha kujiandikisha kipo mle.

Huo muda utumie kuweka akiba. Ukinunua mtumba Kampala, wengi watakutajia 840 G5. Usiamini jina, washa mashine usome prosesa, maana zipo G5 zilizotoka na kizazi cha saba.

KijanaWaKisenyi
Kwa hilo la kumhudumia mtu wa mbali nakubali, kaka. Na ya mezani, Mama, ukipata hela kidogo itie SSD. Itafaidika nayo kuliko mfumo wowote utakaoiwekea.

MamaKaratasi (Arua)
Nimerudi na majibu. Jumamosi nimewasha ile ya mezani kwa Mint kutoka kwenye flashi. Printa imeonekana yenyewe, ila skana yake imekataa, kwa hiyo skana itahamia kwenye T480. Nikafungua mtihani wa kemia wa kidato cha tatu: jedwali la elementi limeteleza hadi ukurasa wa pili, kama mwalimu alivyosema. PDF yake ikatoka safi.

Basi nimeiweka mbele kabisa, mezani pa kupokelea. Kila flashi inaanzia hapo, PDF zinachapwa hapo hapo, na Word ikishasafishwa inapelekwa T480. T480 naipandisha Jumapili usiku, umeme ukiwepo. Mwalimu, ukiwa na maandishi ya kubandika ukutani kuwaomba wateja walete PDF, nitumie, nami nitayatafsiri kwa Kilugbara.