Bampa liko chini, jamaa anauliza umri wa kutu!

Wakuu, leo sisalimii mtu. Nina hasira hadi nywele zinauma. Ni kampuni yangu ya bima. Jina sitaji, mnawajua wenyewe: wale wa tangazo la familia inayocheka ndani ya gari.

Nimegongwa mbele kulia. Bampa limelala chini, taa inaning'inia kwenye waya, maji ya rejeta yametapakaa hadi bata angeogelea. Bima yangu ni kubwa na ada nimelipa yote. Wakamtuma mkadiriaji wao, shati limepigwa pasi hadi linakata. Lile bampa AKALIRUKA, wakuu! Akazunguka hadi mlango wa nyuma kushoto, akachuchumaa mbele ya kamkwaruzo ka siku nyingi, akapitisha kidole, akakinusa, akaniuliza: "Hii kutu ina umri gani?"

Umri! Nimletee cheti cha kuzaliwa?

Picha karibu zote kapiga kutu. Bampa kalipiga picha moja tu, tena kaingiza na kivuli chake. Leo jibu limekuja: madai yamesitishwa, gari lilikuwa na uharibifu wa awali. Sasa si walilikagua wenyewe kabla ya kunikatia bima? Mkwaruzo huohuo waliupiga picha, wakauandika, hela wakapokea. Siku ile kutu haikuwa na umri?

Halafu kile kidole. Jamani, ALIKINUSA!

Jino la Pembe: Kilinukaje?

Mama Wawili: Pole ndugu yangu. Ila nywele kuuma kwa hasira ndiyo nasikia leo.

Spana Mkononi: Mleta uzi punguza povu. Kazi ya mkadiriaji ni kutenganisha jeraha jipya na kovu. Chuma kilichochubuka jana kinang'aa, cha zamani kina kutu na uchafu ulioganda. Bima inakurudisha ulipokuwa kabla ya ajali, basi. Kuna watu wanagongwa bampa halafu wanataka na milango ya mwaka juzi ipigwe rangi humohumo.

Mleta uzi: Mlango SIJAUDAI! Fomu nimejaza bampa, taa, fenda na rejeta. Mlango kautafuta mwenyewe, kwa kidole!

Spana Mkononi: Kumbe. Basi waandikie barua, ambatisha ripoti ya ukaguzi wa mwanzo na zile picha. Mkwaruzo usiohusiana na ajali unaachwa nje ya hesabu. Hiyo si sababu ya kusimamisha madai yote.

Jino la Pembe: Hajajibu kilinukaje.

Kona Kali: Afadhali wewe uliyeulizwa umri. Mimi walikubali kulipa, nikashangilia. Kumbe wanakata: taa mpya badala ya iliyochakaa, nichangie tofauti. Halafu ile sehemu ya kubeba mwenyewe kila ajali, nayo wakatoa. Kilichobaki hakitoshi hata puti ya kujazia bati.

Mama Wawili: Usinitajie puti! Fundi aliujaza mlango wangu puti badala ya kunyoosha bati. Nimeufunga kwa nguvu mara moja tu, bonge limedondoka mguuni.

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye kidole.

Kona Kali: Mkuu subiri, tuko kwenye puti.

Tairi Bovu: Mimi gari jeupe, nimerudishiwa mlango rangi ya maziwa ya jana. Fundi anasema jua litasawazisha.

Spana Mkononi: Jua halisawazishi kitu. Achanganye upya kwa kufuata namba ya rangi ya gari lako, na aififishe taratibu hadi kwenye bati za pembeni yake, ili pale rangi zinapokutana pasionekane.

Tairi Bovu: Nimemwambia achanganye upya. Kasema basi nipake gari zima maziwa, itakuwa nafuu.

Jino la Pembe: Huyo fundi ana akili. Nipe namba yake.

Mama Wawili: Mpe, akome.