Vichwa vya dizeli vya Santa Fe: nyekundu na fedha vikae rafu moja na bluu na njano?

MpendaReli_Kansas:

Ndugu wapenzi wa reli, salaam. Ninaishi Kansas, ambako njia kuu ya iliyokuwa kampuni ya reli ya Santa Fe ingali inapitisha treni ndefu za mizigo usiku na mchana, na ninakusanya modeli za vichwa vya dizeli vya kampuni hiyo katika skeli ya HO, yaani 1:87. Hadi sasa nina F7 yenye pua nyekundu na ubavu wa rangi ya fedha, SD40-2 ya bluu na njano, na GP60M ambayo nayo ni nyekundu na fedha. Ningependa kujua kama vichwa hivi vingeweza kukutana katika karakana moja, na kama haikuwezekana, nivipange kwa kigezo gani: aina ya kichwa, kazi yake au miaka yake? Aidha, nimeona dukani modeli nyekundu na njano yenye herufi SF peke yake ubavuni, na kando ya herufi hizo pameachwa nafasi kubwa tupu. Naomba kuelezwa asili yake kabla sijainunua.

Fundi_Topeka:

Ndugu, kwa Santa Fe ninakushauri uanze na miaka, kwa sababu rangi ilikuwa na kazi maalumu na kazi hiyo ilibadilika. Nyekundu na fedha, mpangilio unaoitwa Warbonnet kwa kuwa umbo lake linafuata kilemba cha manyoya cha wapiganaji wa makabila ya asili ya Marekani, ulibuniwa na Leland Knickerbocker, msanii wa General Motors, kwa ajili ya vichwa vya E1 vilivyoanza kuvuta treni ya abiria ya Super Chief mwaka 1937. Ilikuwa rangi ya treni za abiria. Vichwa vya FT vilivyovuta mizigo tangu miaka ya 1940 vilipewa bluu na njano, ilhali vichwa vya kazi za kawaida, kama GP7, vilikuwa vyeusi vyenye mistari ya fedha hadi karibu mwaka 1960.

Tarehe 1 Mei 1971 Amtrak, shirika la taifa la treni za abiria, ilichukua treni za abiria, na mwaka uliofuata Santa Fe ikahamishia umbo lile lile la kilemba kwenye vichwa vya mizigo, safari hii kwa bluu na njano. SD40-2 yako ni ya kipindi hicho. Wakati huohuo karakana ya Cleburne, Texas, ilikuwa ikivivua vichwa vya familia ya F, kama F7, maganda yake na kuvijenga upya kuwa CF7; kati ya 1970 na 1978 vilitoka 233. Nyekundu na fedha ilirejea mwaka 1989, chini ya uongozi wa rais wa kampuni, Mike Haverty, mara hii kwa treni za mizigo za mwendo wa haraka, na GP60M zikafuata mwaka 1990. Kwa hiyo F7 na GP60M zako hazikuwahi kufanya kazi pamoja, ingawa rangi zao zinafanana, lakini GP60M na SD40-2 zilikutana kila siku, tena mara nyingi kwenye treni moja.

Brashi_na_Rangi:

Naafiki hoja ya miaka, ila mimi huanza na jicho. Katika F7 halisi za abiria, sehemu kubwa ya ubavu haikupakwa rangi hata kidogo: ilikuwa bamba la chuma kisichoshika kutu, na ndiyo maana iling'aa kwa namna ambayo rangi ya kopo haiwezi kuifikia. GP60M haina bamba hilo. Fedha yake ni rangi tupu. Modeli nzuri huonyesha tofauti hiyo, na mtengenezaji anayetumia fedha moja kwa zote mbili, kwa maoni yangu, hakukitazama kichwa chenyewe. Kisha sogeza uso karibu na pua. Mahali nyekundu inapokutana na fedha hupita ukanda wa njano uliotariziwa mstari mwembamba mweusi, na mstari huo unatakiwa kupinda chini ya dirisha la dereva bila kukatika wala kunenepa. Ukiona umetetereka hapo, iache modeli hiyo. Ukifika Sacramento, F7 namba 347C imehifadhiwa katika California State Railroad Museum. Simama mbele yake ulinganishe.

Rafu yako, tafadhali, isipigwe na jua la dirishani, maana nyekundu ndiyo hupauka mapema.

Cajon86:

Niongezee kuhusu ile yenye SF. Kampuni mama za Santa Fe na Southern Pacific, kampuni nyingine ya reli, ziliungana mwaka 1983, na kwa kutarajia kwamba reli zenyewe zingeruhusiwa kuungana, vichwa vikaanza kupakwa nyekundu, njano na nyeusi, rangi ambazo wapenzi wa reli waliziita Kodachrome kwa kufanana na pakiti za filamu za Kodak. Vya Santa Fe viliandikwa SF, vya Southern Pacific vikaandikwa SP, na nafasi tupu uliyoiona iliachwa makusudi ili herufi za upande wa pili ziongezwe baadaye. Julai 1986 tume ya serikali iliyosimamia biashara kati ya majimbo ilikataa muungano huo kwa kura nne dhidi ya moja, na herufi zikabaki nusu. Vichwa hivyo viliendelea kuvuta mizigo kwa miaka kadhaa vikiwa na rangi hiyo, sambamba na vya bluu na njano. Inunue, ndugu yangu. Hakuna modeli inayoonyesha waziwazi zaidi mpango uliokwama katikati.

MpendaReli_Kansas:

Nawashukuru sana. F7 itapata rafu yake ya miaka ya 1950, na nyingine tatu zitakaa pamoja. Je, kuna kichwa kimoja kinachoweza kuunganisha rafu hizo mbili?

Fundi_Topeka:

Kipo: FP45. Santa Fe ilipokea tisa mwaka 1967, namba 100 hadi 108, kwa ajili ya treni za abiria, vikiwa vyekundu na fedha. Baadaye vikapewa namba 5940 hadi 5948 na kupakwa bluu na njano, kisha vikawa miongoni mwa vya kwanza kurudishiwa nyekundu na fedha, pamoja na namba za mia, mwaka 1989. GP60M zilipokuja na namba kuanzia 100, vile vikahamishiwa kwenye namba za tisini. Namba 92 sasa iko Illinois Railway Museum, mjini Union. Unapochagua modeli, linganisha namba na rangi kwanza, kwa sababu FP45 namba 104 ya bluu na njano haifai kuingia katika rafu yoyote kati ya hizo mbili.