Kuipulizia mafuta saa ya mfukoni si kuifanyia sevisi, na wauzaji wanalijua hilo

Ndugu wapenzi wa saa za kale,

Nimechoshwa na wauzaji wanaonadi saa za mfukoni zenye umri wa miaka mia moja na zaidi kwa madai kwamba zimefanyiwa sevisi kamili, ilhali kilichofanyika ni kufungua kifuniko cha nyuma, kupulizia mafuta na kukifunga tena. Huu ni udanganyifu, na hasara yake haiishii kwenye fedha za mnunuzi, kwa sababu saa yenyewe inaharibiwa.

Iliyonifanya nifungue uzi huu ni Waltham ya Marekani, saizi 16, yenye vito 21, yaani vijiwe vigumu vya kupunguza msuguano, vingi vikishika ncha za magurudumu. Muuzaji aliandika kwamba imesafishwa, imetiwa mafuta na kurekebishwa mwendo. Nilipoifungua nikakuta mafuta yametapakaa juu ya mashine nzima, mpaka kwenye springi ya unywele (springi nyembamba iliyozungushwa, inayolirudisha huku na huku gurudumu la mizani linalopima mwendo wa saa), ambako mizunguko miwili ilikuwa imegandana. Fundi yeyote anajua kinachofuata hapo: mizunguko ikigandana, urefu wa springi unaofanya kazi hupungua, gurudumu la mizani huenda mbio, na saa hutangulia kwa dakika nyingi ndani ya siku moja. Aliyeiuza alijua pia, kwa maana kijiti cha kurekebishia mwendo kilikuwa kimesukumwa hadi mwisho kabisa wa upande wa polepole. Aliuona ugonjwa, akaamua kuuficha badala ya kuutibu.

Mabaya zaidi yalikuwa ndani. Mafuta ya zamani yalikuwa yamekauka ndani ya vito yakawa gundi ya kahawia, na haya mapya yalimwagwa juu yake. Mafuta mapya yakilainisha uchafu wa zamani, vumbi na chembe za chuma zilizokuwa zimetulia huanza kutembea pamoja na ncha za magurudumu na kuzisaga kama msasa. Ncha za ekseli ya gurudumu la mizani zina unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, na saa ya namna hii hupiga mara 18,000 kwa saa, yaani mara 432,000 kwa siku. Hebu fikirini siku chache tu za kusagwa kwa kasi hiyo. Kampuni ya Waltham iliacha kutengeneza saa nchini Marekani mwaka 1957, kwa hiyo ekseli iliyolika haiagizwi kiwandani. Hutafutwa katika akiba za mafundi waliostaafu, au hukerezwa upya na mtu mwenye ujuzi ambao unazidi kuwa adimu.

Sevisi ya kweli inajulikana, wala haina siri. Nguvu ya springi kuu, ile inayoiendesha saa, huachiwa taratibu kwanza, kisha gurudumu la mizani na uma wake (kipande kinacholisukuma) hutolewa, na mashine yote hufumuliwa kipande kwa kipande. Springi kuu hutolewa ndani ya pipa lake na kukaguliwa. Zile za chuma cha kaboni cha zamani mara nyingi zimekwisha kulegea na zinastahili kubadilishwa. Vipande huoshwa, matundu ya vito husuguliwa kwa kijiti cha mti kilichochongwa na kuchongwa tena mpaka kitoke safi, na kila ncha hutazamwa kwa lenzi. Mafuta huja mwishoni, na hutiwa kwa kipimo: tone dogo sana katika kila kito, mafuta mazito penye nguvu nyingi na mwendo wa polepole, mafuta mepesi penye kasi. Ncha za ekseli ya uma haziwekewi mafuta kabisa, na springi ya unywele haipaswi kuguswa na hata chembe yake. Mtu anayepulizia mafuta mashine nzima amekiuka kila hatua kati ya hizi kwa pumzi moja.

Ninapolalamika hujibiwa kwamba saa inatembea, na hutumiwa video fupi kuthibitisha. Kutembea si ushahidi wa lolote. Saa chafu hutembea, na hata yenye ncha iliyolika hutembea ikilazwa kifudifudi mezani, kisha husimama au kupoteza majira ikisimamishwa wima kama inavyokaa mfukoni. Ndiyo maana video hizo huonyesha saa imelala daima. Nioneshwe saa ikiwa imejazwa ufunguo kamili, katika mikao mbalimbali, baada ya saa 24, ndipo tuzungumze.

Linaloniuma zaidi ni kwamba saa hizi zilitengenezwa kwa ajili ya watu wasiokubali kubahatisha. Baada ya treni mbili kugongana karibu na Kipton, Ohio, mwaka 1891, ajali iliyohusishwa na saa ya mfanyakazi iliyokosea, sonara Webb C. Ball alikabidhiwa kazi ya kukagua saa za wafanyakazi wa reli, na viwango vilivyofuata vilitaka saa isikosee zaidi ya sekunde 30 kwa wiki. Mfanyakazi alibeba kadi ambamo mkaguzi aliandika hali ya saa yake. Mafundi wengi wa zamani nao walikwaruza alama ndogo ndani ya kifuniko kila walipoifanyia kazi saa, nyingine zikiwa na tarehe, na alama hizo bado tunazisoma. Muuzaji wa leo, mwenye kamera mkononi, anashindwa kuandika mstari mmoja unaosema kazi ilifanywa na nani, lini, na kipande gani kilibadilishwa!

Ninachodai ni kidogo. Anayedai sevisi aoneshe picha za mashine ikiwa imefumuliwa, pipa la springi likiwa wazi, pamoja na maelezo ya fundi. Asiye nazo aandike wazi kwamba saa haijafanyiwa sevisi na historia yake haijulikani. Saa chafu iliyoelezwa kwa ukweli nitainunua kwa moyo mweupe, kwa kuwa najua kazi inayonisubiri na nitaipangia bei yake. Muuzaji wangu amekataa kurudisha fedha, akisisitiza kwamba saa ilitoka kwake ikitembea. Kama nanyi mmeuziwa kwa madai ya namna hii, wekeni hapa picha za mashine kifuniko kikiwa wazi, mkionesha mafuta yaliyotapakaa na mahali kijiti cha mwendo kilipoachwa, pamoja na maneno yaliyotumika kwenye tangazo.