Titi nililojengewa limekuwa gumu baada ya mionzi, kuna aliyepitia hili?

Mama_Neema: Habari za humu wapendwa. Mwaka jana nilitolewa titi la kushoto kwa saratani wakaniwekea kifuko cha silikoni kwenye operesheni hiyohiyo, halafu majibu ya maabara yakaonyesha tezi za kwapani nazo zimeguswa ndo nikaambiwa lazima nipigwe mionzi, Jumatatu mpaka Ijumaa kwa wiki tano. Mionzi yenyewe haiumi jamani. Ngozi ndo ilikuja kuwa nyeusi tii ikabambuka pale chini sidiria inapokaa, na ilizidi nilipokuwa nimeshamaliza kabisa, ila ikapona. Sasa miezi imepita naona titi linakaza, limepanda kuliko lenzake, kulilalia siwezi, na kuanika nguo kwenye kamba ni kazi bega halinyooki. Kliniki nimeambiwa "ni kawaida" basi. Ni kawaida kweli?

DadaK: Pole mwaya. Mimi lilikaza hivyohivyo, mwisho wakaitoa silikoni wakanijengea kwa nyama ya tumboni. Kidonda cha tumbo kilinitesa kuliko cha kifua sikufichi, lakini sasa titi ni laini na nalala nitakavyo.

Mzee wa Tiba Asili: Paka asali na shubiri, kanda na maji moto asubuhi na jioni litalainika.

Teknishani_Mionzi: Mzee hapana, maji moto hapana. Ngozi iliyopigwa mionzi, na hasa yenye silikoni chini, mara nyingi hisia zimepungua, mtu anaungua bila kujua.

Mama Neema, inatokea sana ndio, lakini inatokea sana haimaanishi ukae nayo tu. Mwili wa kila mtu huizungushia silikoni utando, mionzi inafanya ule utando unenepe na kusinyaa, basi unaibana silikoni na titi linapanda. Madaktari wanapima ugumu huo kwa madaraja yanayoitwa ya Baker, 1 mpaka 4, la 3 ni gumu na umbo limeharibika, la 4 ni hayo pamoja na maumivu, kwa hiyo kwa maelezo yako usiishie kliniki ya kawaida, omba rufaa kwa daktari wa upasuaji rekebishi. Kuna kuutoa huo utando, kuna kupandikiza mafuta yako mwenyewe chini ya ngozi, na kuna hiyo aliyofanyiwa DadaK. Bega ni la fizio (mazoezi ya tiba), anza sasa maana makovu ya mionzi yanaendelea kukaza hata baada ya miaka. Ukiona mkono unavimba sema mapema.

Na ukipata homa, titi likawa la moto au likatoa majimaji, usisubiri tarehe ya kliniki, nenda siku hiyohiyo. Msitegemee kuona wekundu, kwenye ngozi zetu wakati mwingine unaona weusi umezidi tu na kung'aa. Uvimbe mpya wowote nao upimwe, usiseme ni kovu.

Mama_Neema: Asante sana, homa sina. Mbona kabla ya operesheni hakuna aliyenieleza haya?

DadaK: Inawezekana hawakujua kama utahitaji mionzi, yale majibu ya tezi si yalikuja baadaye. Wanaojua mapema wengi huambiwa wasubiri mionzi iishe ndo wajengewe. Omba rufaa wiki hii, na daftari la mionzi beba, watataka kujua ulipigwa dozi gani.